Jogoo wa Serikali

Marui, Jumapili, Novemba 1944

Mvua ya vuli imenyesha tangu alfajiri, sasa imekatika. Migomba bado inadondosha maji, na kuku wamejikunyata barazani kama wageni ambao hakuna aliyewakaribisha. Nimerudi jana kutoka msibani Vihingo. Mwili umechoka ila kichwa hakitaki kupumzika. Nina mkeka ambao ilinipasa kuumaliza wiki iliyopita, lakini kila nikisuka kidogo mawazo yananivuta, nakosea, nafumua, naanza tena. Basi nimeuweka ukili chini nikachukua kalamu.

Swali linalonisumbua ni hili: nchi ni kitu cha mtu kukifia?

Siulizi kwa kutaka kujionyesha msomi. Mdogo wangu Athumani anataka kwenda vitani. Lori linaondoka bomani Kisarawe keshokutwa, naye amekataa kulipanda bila radhi yangu. Mama yetu hayupo. Mjomba wetu, ambaye kwa desturi yetu Wazaramo ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, naye ametangulia mbele ya haki. Kauli imebaki kwangu, dada mkubwa, mjane, msuka mikeka. Nikisema nenda, atakwenda. Nikisema kaa, atakaa, atarudi kukata mkonge huko upande wa Mlandizi mpaka mgongo upinde, na atanichukia kidogo kidogo kila akiamka.

Sijawahi kupewa mamlaka makubwa hivi, na kusema kweli siyataki.

Nimejaribu kuifikiria hiyo nchi yenyewe. Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu wa shule, na ndiye aliyenifundisha herufi za kizungu juu ya zile za Kiarabu nilizozipata chuo cha Kurani. Alikuwa na ramani ukutani. Siku moja aliniwekea kidole akasema, hii ndiyo Tanganyika. Nikamuuliza Marui iko wapi. Akasema Marui ni ndogo mno, haikuandikwa. Nikamuuliza, na Kisarawe? Akatafuta, akasogeza taa, akatafuta tena, mwisho akasema ramani ni ya zamani. Siku ile nilicheka sana. Leo najiuliza mtu anaweza vipi kukifia kitu ambacho kwao hakumo ndani yake.

Halafu namkumbuka baba. Katika vita vile vya zamani baba alibebeshwa mizigo na Mjerumani. Waingereza walipomkamata, wakambebesha mizigo yao. Alikuwa akisema kichwa kilikuwa kilekile na njia ileile, mwenye mzigo tu ndiye aliyebadilika. Nilipokuwa mtoto nilimuuliza alikuwa upande wa nani. Akanijibu, "Upande wenye chakula, mwanangu." Na sasa mwanawe anataka kwenda kupigana na Mjapani. Mjapani hajawahi kukanyaga shamba la mtu hapa Marui. Nguruwe mwitu wanatumalizia mihogo kila mwaka, na sijasikia serikali ikiwatangazia vita.

Lakini sitaki kujifanya mjanja kwenye karatasi yangu mwenyewe. Mwezi uliopita wapiga tarumbeta wa jeshi walipokuja bomani nilikwenda kutazama kama kila mtu. Walipoanza kupiga na kutembea kwa pamoja, miguu yote ikiinuka kama ya mtu mmoja, mwili ulinisisimka na machozi yakanilengalenga. Lau ningekuwa mwanamume, na lau lori lingekuwapo pale pale, nadhani ningelipanda bila kuuliza linakwenda wapi. Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu kidogo. Na najua pia kwamba mtu akija kuchukua kipande kile nyuma ya mnazi mrefu, alipolala mama, nitatoka na jembe wala sitamwita mtu anisaidie. Kwa hiyo kitu fulani kipo. Sijui tu kama hicho ndicho jumbe wetu wa serikali anachokiita nchi.

Sasa niandike ya Vihingo, maana huko ndiko kichwa kilikovurugikia.

Zuhura ni shoga yangu. Tulichezwa ngoma ya uali pamoja na tukatolewa nje siku moja. Mumewe, Seif, alikwenda jeshini akiwa mzima, mcheshi, mkwezi hodari wa minazi. Athumani alimpenda kuliko ndugu. Yeye ndiye aliyemfundisha kukwea, na mara ya kwanza Athumani alipokwama juu akilia, Seif alipanda akakaa naye huko huko mpaka woga ukaisha, hakumwambia mtu. Hayo Athumani kanisimulia juzi tu. Wiki hii jumbe akaleta habari kwamba Seif amekufa Burma.

Nilikwenda kumshikilia mwenzangu, nikakaa naye ndani tangu siku ya kwanza ya matanga. Siku ya hitima watu walijaa uwanjani. Kabla ya kisomo shehe akasema kwanza tumswalie marehemu. Wengine hawakuwahi kuona swala ya maiti asiyekuwapo. Shehe alisimama mbele, akaacha nafasi kana kwamba jeneza lipo, na wanaume wakajipanga nyuma yake wakiikabili ile nafasi tupu. Mimi nilichungulia kwenye upenyo wa ua wa makuti. Athumani alikuwa safu ya pili. Nilipomwona amesimama wima nikasema moyoni, alhamdulillahi si yeye. Nilisema hivyo huku mkono wa Zuhura uko ndani ya mkono wangu. Nimeliandika ili nisijidanganye kwamba nilikuwa namlilia Seif peke yake.

Baada ya swala akaja Maganga.

Maganga ni Mnyamwezi, alikuja huku pwani zamani kwa kazi ya reli akaoa Vihingo. Sisi na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani akiingia msibani ana haki ambayo hata kadhi hana. Atasema lolote, atamwigiza marehemu, atanyakua atakacho, na hakasirikiwi. Alichokishika hakiachii mpaka mfiwa akikomboe. Na anayekomboa ndiye mwenye maiti. Hilo kwetu halina mjadala, hata watoto wanalijua.

Alianza kwa kuweka mchi begani kama bunduki, akaenda mwendo wa askari kuzunguka uwanja, kushoto, kulia, akijikwaa makusudi. "Wazaramo!" alifoka. "Mlitucheka sisi wabeba mizigo. Leo mmebeba mchi wa chuma mmepeleka mpaka Burma, na huko hata nazi hakuna!" Kisha akaenda kujilaza pale palipoachwa nafasi ya jeneza, akajinyoosha, akafumba macho. "Siamki. Jeneza ni mimi. Mwenye maiti ni nani? Aje anikomboe."

Mzee Kondo, mjomba wa Seif, alikuwa tayari kwa hilo. Jogoo wa mtani alikuwa amefungwa chini ya uchaga tangu asubuhi. Mzee akainuka taratibu kwenda kumchukua, na mambo yangeishia hapo, tungecheka kidogo, tungesoma hitima, tungekula, tungelala.

Lakini Jumbe Mwinshehe akasimama. Kwa kawaida si mtu mbaya. Ni mwenzetu, kazaliwa hapa hapa na kucheza vumbi hili hili, ila tangu avalishwe tarbushi ya serikali hawezi kuona watu wamekusanyika bila kuwahutubia. Akanyoosha kanzu, akasema, "Ndugu zangu, marehemu Seif si wa ukoo mmoja tena. Amekufa kwa ajili ya nchi yake na Mfalme wake. Tangu leo Seif ni wa serikali." Alilisema vizuri, nami nilihisi tena ule msisimko wa tarumbeta. Wengine walitikisa vichwa kukubali.

Maganga akafumbua jicho moja.

"Ehee!" akasema. "Kumbe muda wote namng'ang'ania mtu siye!" Akaruka, na kabla jumbe hajakaa akawa amemvua tarbushi na kuiweka kichwani kwake. "Wazee, mmesikia kwa masikio yenu. Kondo si mfiwa. Mfiwa ni Mfalme, na nduguye Mfalme ndiye huyu hapa. Mfalme, pole sana kwa msiba! Haya, toa haki ya mtani."

"Maganga, rudisha tarbushi yangu."

"Mfiwa hukomboa, bwana. Mfiwa hakemei."

Watu walianza kuziba midomo. Jumbe akatazama huku na huku, kichwa chake kimebaki na kofia ndogo ya kushonwa kwa mkono, amekuwa mtu wa kawaida ghafla. Nyuma ya baiskeli yake alikuwapo jogoo mwekundu amefungwa miguu. Sijui alimpata wapi, majumbe hawakosi jogoo nyuma ya baiskeli. Kwa haraka ya kutaka heshima yake irudi, akamfungua, akamkabidhi Maganga na kusema kwa sauti ileile anayoitumia akitusomea matangazo, "Haya, chukua. Kwa niaba ya serikali."

Waliokuwa wameziba midomo wakashusha mikono.

Nadhani hakujua alichokifanya. Au alikijua kama Mzaramo akakisahau kama jumbe. Angesema anampa Maganga jogoo ili amwondolee kero, pasingekuwa na neno. Angesema anamsaidia Mzee Kondo, angeshukuriwa. Lakini amekomboa mbele ya mashahidi, na ametaja anamkombolea nani. Mtu asiyejua mila hizi angeona ni maneno tu. Sisi tuliona serikali imechukua msiba.

Mzee Kondo akarudi akaketi. Uso wake ulikuwa mkavu, hauna hata chembe ya kicheko, na ndicho kilichotumaliza. "Tumeshuhudia," akasema. "Serikali imekomboa. Sisi watu wa ukoo tunarudi nyuma, tunakuwa wageni kama wageni wengine. Mfiwa, tunaomba maji ya kunywa. Na kuni zimekwisha jikoni. Na hawa waliotoka mbali, mfiwa, utawalaza wapi?"

Kicheko kilichopasuka pale sijapata kukisikia msibani. Wanaume waliegemeana. Athumani alicheka mpaka akachuchumaa. Mimi nilijishika mbavu nyuma ya ua, na nilipogeuka nikamwona Zuhura mabega yanatikisika ndani ya nguo zake za eda. Sikujua kama anacheka au analia. Nadhani yote mawili. Halafu akatulia, akanivuta kanga.

"Wewe una mdomo," akaniambia. "Nenda ukamwambie. Kama serikali ndiyo mfiwa, basi inajua imemzika wapi. Inionyeshe kaburi la mume wangu."

Mjane wa eda hapazi sauti mbele ya wanaume, kwa hiyo ikawa sauti yangu. Nikasimama mlangoni. Kicheko kilikuwa bado kinaendelea. Nikasema, "Shikamoo, Jumbe. Zuhura ananituma," nikayatoa maneno yake kama alivyonipa, sikuongeza wala kupunguza. Kicheko kikazimika kwa safu, walio mbele kwanza, kisha wa nyuma walioulizana kasema nini.

Lazima nikiri nilikuwa na nia yangu. Nilimtafuta Athumani kwa macho wakati nasema. Nilitaka asikie. Nilitaka aone jinsi mtu anavyokwenda kwa tarumbeta akarudi kwa swali lisilo na mtu wa kulijibu. Nikajisemea, hili litamweka nyumbani bila mimi kumzuia.

Jumbe aliishika ile kofia yake ndogo kichwani. "Mwambie sijui," akasema. "Nimeambiwa Burma. Burma yenyewe mimi sijui iko upande gani."

Sijawahi kumsikia mtu wa serikali akisema sijui. Sikumchukia tena baada ya hapo. Maganga mwenyewe aliivua ile tarbushi akamrudishia, akamvika kwa mikono miwili kama mtu anavyomvika mtoto kofia ya Idi, na utani ukaishia pale. Tukasoma hitima. Jogoo wa serikali akachinjwa, akapikwa, akawa mgumu ajabu.

Jana asubuhi, wakati tunafunga virago turudi Marui, jumbe akaja tena. Hakuwa na tarbushi. Alikuwa anakokota baiskeli kwa mkono, na mahali pa jogoo pana mzigo wa kuni, tena kuni nzuri kavu, na msimu huu wa mvua kuni kavu si kitu cha kuokota njiani. Akazishusha mwenyewe mlangoni kwa Zuhura. Mimi niliangalia nione atafanya nini Mzee Kondo.

"Shikamoo, mzee," jumbe akasema. "Nimeleta kuni."

"Marahaba, mfiwa," Mzee Kondo akamjibu. Hakuna aliyecheka.

Tangu jana nazifikiria zile kuni. Kwa nini alizileta? Bomani hawakumtuma, wangesikia wangemcheka. Labda aliogopa ulimi wa Maganga. Labda aliona haya. Nilimtazama usoni nipate jibu, nikaona tu mtu aliyelowa, anahema kwa kusukuma baiskeli kwenye tope. Au labda ni kwa sababu alishasema mbele ya watu, na neno lililosemwa msibani huwezi kulirudisha mfukoni. Seif hakuwa nduguye. Hawakuwa hata marafiki, Seif alikuwa akimwigiza jinsi anavyokohoa kabla ya hotuba. Lakini Zuhura anapikia kuni za jumbe leo.

Huenda nchi inaanzia pale. Huenda si ramani wala Mfalme, ni mtu asiye wa ukoo wako kuamka asubuhi akaleta kuni nyumbani kwako kwa sababu ameshasema wewe ni msiba wake. Nchi ya namna hiyo naielewa. Ningeibebea kuni na mimi, tena bila kuombwa. Kuifia ndiko nisikokuelewa, kwa sababu nikigeuza huku na huku naona kuni zile zingeweza kuletwa na Seif akiwa hai.

Kutoka Vihingo tulirudi kwa miguu, mimi na Athumani. Yeye ni mtu wa kupiga mluzi njiani, jana hakupiga. Tulivuka kijito, akanishika mkono kwenye utelezi, akaniachia. Nikafurahi kimoyomoyo. Nikajua limemwingia.

Kweli lilimwingia.

Leo baada ya adhuhuri alikuja akakaa kwenye kinu nilichokipindua barazani. "Dada," akasema, "bado nataka radhi."

Nikamuuliza kama hakusikia yaliyosemwa Vihingo. Akasema ameyasikia, na ndiyo maana. Zuhura ameuliza kaburi na hakuna mtu aliyeweza kumjibu, si jumbe, si shehe, si nani. Atakaa na swali hilo mpaka azeeke. Yeye akifika huko atauliza kambi hadi kambi mpaka alione. Atamsomea Fatiha, ataweka alama, atarudi kumwambia Zuhura ni mahali pa namna gani, kama pana kivuli.

"Na Mfalme?" nikamuuliza.

"Mfalme mimi simjui, dada."

"Na viatu vile vya jeshi ulivyovitamani bomani?"

Akacheka, yule Athumani ninayemjua akarudi usoni. "Na viatu pia."

Basi ona nilivyojifunga mwenyewe. Tarumbeta zilimsisimua tu, hotuba za jumbe hazikumpeleka popote, habari za nchi zilimpita kama zinavyonipita mimi. Kilichomshika ni maneno yaliyotoka kinywani mwangu, niliyoyabeba mpaka mlangoni nikidhani yatamzuia. Nilitaka aogope kaburi lisilojulikana, yeye akaona mtu aliyekwama juu ya mnazi na hakuna aliyepanda kukaa naye.

Nikamuuliza swali la Maganga. "Ukifa huko, Athumani, mwenye maiti wako ni nani?"

Alikwaruza ardhi kwa kidole cha mguu. Nilidhani atafikiri sana. "Si wewe?" akasema, kana kwamba nimemuuliza jina lake.

Nikamwambia aniache mpaka alasiri. Ndipo nikajaribu kusuka, nikashindwa, nikaanza kuandika haya.

Nikimnyima radhi atabaki, nami nitapata usingizi. Lakini itanibidi nimtazame Zuhura kila siku ya soko nikijua kwamba alikuwapo mtu mmoja duniani aliyekuwa tayari kwenda kumtafuta mumewe, nami nikamfungia ndani kwa sababu ni wangu. Nikimpa radhi, na asirudi, itanibidi nijitazame mwenyewe. Nimeona kwamba nchi haimo kabisa katika hesabu hii. Yumo Zuhura, yumo Seif, yumo Athumani, nimo mimi. Na lori ni la Mfalme. Labda ndivyo vita vyote vilivyo: kila mmoja anakwenda kwa jambo la kwao, na wenye tarumbeta wanadhani wote wamefuata tarumbeta. Baba angejua, na hayupo nimuulize.

Naongeza haya baada ya alasiri.

Amekuja. Nywele zake zilikuwa na matone, mvua ilikuwa imeanza tena kidogo. Alipiga magoti hapa mlangoni bila kuambiwa, kama mama alivyotufunza. Nikachota maji kwa kata, nikayashika kinywani, nikampulizia kifuani kama inavyotakiwa mtu akipewa radhi. Nikamwekea mkono kichwani. Nilikuwa nimetunga maneno mazuri ya dua, yote yakanitoka. Nikasema yaliyokuja.

"Nakupa radhi ya kwenda. Nakupa radhi ya kumtafuta Seif mpaka umwone. Viatu pia nakupa radhi navyo. Radhi ya kufa sikupi. Sikupi kwa ajili ya Mfalme, wala nchi, wala Seif, wala Zuhura. Ukifa huko utakuwa umekufa bila ruhusa yangu, na siku ya kiyama nitakushika shati mbele ya umma wote."

Akacheka, akadhani namtania. Nikaendelea kumshikilia kichwa, nikambana kwa vidole, mpaka kicheko kikamwisha akainua macho akaniona.

Mimi si mtani wake. Mimi ndiye mfiwa, na msiba huu nimeukataa.